UZI: Kuzamia kwenye ukuta wa bahari ya baridi, Port Hardy, Kanada

Mpwani Kaskazini

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa utalii wa Pemba kuna mwenzetu aliandika kwamba kuzamia ni kwa bahari ya joto tu, na kwamba bahari za nchi za baridi ni maji meusi yasiyo na kitu. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona nilifungulie uzi wake.

Naishi Kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada. Kaskazini ya kisiwa, ninakokwenda kuzamia, maji yana nyuzi 7 hadi 10 takriban mwaka mzima. Nimezaliwa Tanga, bahari ya joto naijua na naipenda. Lakini ukuta wenye uhai mwingi kuliko yote niliyoiona kwa macho yangu uko huku, na sababu yake inaelezeka.

Kwa wasiojua, ukuta ni mwamba wa chini ya bahari unaoshuka wima. Huzamii ukitazama chini kama kwenye fungu la matumbawe, unakwenda kwa ubavu: mwamba uko mkono mmoja, mkono mwingine ni maji matupu, na chini yako hakuna sakafu. Ninaousema hapa unaitwa Browning Wall. Uko kwenye mlango mwembamba wa bahari kati ya visiwa vya Nigei na Balaklava, unafikiwa kwa boti kutoka mji mdogo wa Port Hardy, takribani kilomita 500 kwa barabara kutoka Victoria. Jirani yake kuna hifadhi ya bahari ya God's Pocket, iliyotangazwa mwaka 1995. Juu ya maji unaona jabali na miti ya misedari iliyoinama. Jabali hilo hilo linaingia majini na kushuka kupita kina chochote ambacho mzamiaji wa kawaida anaruhusiwa kufika.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye hoja yangu. Kila kilicho hai kwenye ukuta ule kinaishi kwa sababu ya mkondo. Maji yakijaa na kupwa, bahari nzima inalazimika kupita kwenye vijilango vile vya mawe. Inasukwasukwa, na maji ya chini yenye rutuba, yaani naitreti na fosfeti, yanapandishwa juu kwenye mwanga. Kiangazi cha huku mchana ni mrefu mno, basi vijimea vidogo vya planktoni vinazaliana hadi maji yanakuwa ya kijani. Bahari ya tropiki haipati nafasi hiyo kirahisi, kwa sababu jua la mwaka mzima linaweka tabaka la maji ya moto juu na ya baridi chini, na mawili hayo hayachanganyiki vizuri. Maji yetu ya Pemba ni maangavu kwa sababu chakula ndani yake ni kidogo. Maji ya huku ni mazito kwa sababu ni uji mtupu. Ongeza kwamba maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto.

Ukuta wenyewe nao unasaidia. Kwenye sakafu ya bahari tope laini hutua na kuwafunika viumbe. Kwenye mwamba wima tope halina pa kutua. Na kwa kuwa mwanga haufiki vizuri ubavuni, mwani hauwezi kutwaa nafasi yote, wanyama wanaichukua. Wanajigandisha pale, wanafungua mikono, mkondo unawaletea chakula.

Ukishuka bila tochi utaona kijivu na kijani tu, maana nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji. Washa tochi. Hakuna jiwe tupu hata mahali pa kuweka kidole. Matumbawe laini mekundu, vishada kwa vishada, yamefunika mwamba. Juu yake anemoni nyeupe, wanyama wanaofanana na maua, nyingine ndefu kupita mkono wa mtu mzima. Katikati yake yale magamba yanayoganda chini ya ngalawa, ila haya yana upana wa sentimita 10 na zaidi, kila moja linafungua mdomo na kutoa kitu kama unyoya kinachochota maji, kinarudi ndani, kinatoka tena. Sogeza tochi kidogo: kuna sifongo za njano, kombe waliojibanza, kaa ambaye mgongo wake una rangi za machungwa na zambarau, konokono wa bahari wasio na gamba. Unaweza kutumia pumzi zako zote kwenye kipande cha ukuta kisichozidi upana wa mlango.

Nitaendelea. Maswali yaje.

Bin Misali

Mkuu asante, uzi mzuri. Mimi natembeza wageni Pemba upande wa Misali, kuta ndiyo kazi yangu ya kila siku, na mkondo wetu wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo hilo la kutokuwa na sakafu tunalijua. Sisi tunapanga kwa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo), na mara nyingi tunaruhusu mkondo utubebe, boti inafuata povu. Huko mnazamia na mkondo au mnausubiri usimame?

Mpwani Kaskazini

Bin Misali, swali la mtu wa kazi hili.

Kuna sehemu tunabebwa kama nyinyi. Lakini kwenye hivi vilango tunasubiri maji yasimame. Karibu na Port Hardy kuna mlango unaitwa Nakwakto, mkondo wake hufika noti 14 na zaidi, yaani kama kilomita 26 kwa saa. Kusini zaidi kuna Seymour Narrows, ambako mwamba wa Ripple Rock ulizamisha au kuharibu vyombo zaidi ya 100 hadi serikali ya Kanada ilipouvunja kwa baruti tarehe 5 Aprili 1958. Browning si mkali kiasi hicho, lakini ni bahari ile ile, na hakuna mapezi yanayoweza kushindana nayo.

Tofauti ya kwanza na kwetu: Tanga na Pemba maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na vipimo vya mara mbili hizo vinakaribiana. Huku havilingani. Kujaa kwa kwanza kunaweza kuwa kukubwa na kwa pili kudogo sana, kwa hiyo unachagua ile tofauti ndogo. Tofauti ya pili ndiyo inayowaponza wageni: saa ya maji kujaa kabisa si lazima iwe saa ya mkondo kusimama. Kwenye mlango mwembamba mkondo unaweza kuendelea kukimbia hata baada ya maji kujaa ufukweni. Ndiyo maana idara ya ramani za bahari ya Kanada hutoa majedwali mawili, la kina cha maji na la mkondo. Mzamiaji anasoma la mkondo.

Halafu unathibitisha kwa macho. Juu ya ukuta kuna mwani mkubwa wa aina ya kelpu. Unaota na kufa ndani ya mwaka mmoja, na katika muda huo unarefuka makumi ya mita. Kila shina lina kibofu cha hewa kinacholielesha. Mkondo ukiwa mkali, vibofu vyote vimezama, mashina yamelala upande mmoja. Ukipungua, vinaanza kuchomoza kimoja kimoja. Vikisimama wima na majani kulegea, nahodha anasema ingieni. Kwa siku za bamvua dirisha lile ni dakika chache, siku za maji mafu unapata nafasi nzuri. Vibofu vikianza kuinamia upande wa pili, muda wenu umekwisha hata kama mtungi wa hewa umejaa.

Na hapo ndipo ninapoupenda ukuta huu zaidi. Nguvu inayowalisha viumbe wale ndiyo hiyo hiyo inayokuzuia wewe kuwatazama. Mahali ambapo mkondo ni hafifu na unaweza kukaa utakavyo, hutakuta matumbawe yale mekundu kwa wingi ule.

Dada Mkunde

Kaka, mimi ni wa Mombasa, huku Julai tukisikia maji yamefika nyuzi 24 tunalalamika. Nyuzi 7 mwili unavumilia vipi? Mnavaa nini?

Mpwani Kaskazini

Dada Mkunde, karibu. Maji hunyonya joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo nyuzi 7 bila vazi linalofaa ni hatari kabisa.

Wengi tunavaa suti kavu. Suti ya kawaida ya mpira huruhusu maji kidogo kuingia, mwili unayapasha. Suti kavu haingizi maji: shingoni na viganjani kuna mpira unaobana, miguuni viatu vimeungwa moja kwa moja, na ndani unavaa nguo nzito za joto. Kinachokukinga ni hewa iliyo kati ya nguo na suti.

Hewa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukishuka inabanwa, suti inakukaba na kuacha alama kwenye ngozi, hivyo unaongeza hewa kidogo kutoka kwenye mtungi kwa kubonyeza kitufe cha kifuani. Ukipanda inatanuka, na usipoitoa kwa valvu ya begani itakunyanyua. Ukiinamisha kichwa, hewa inakimbilia miguuni, miguu inakwenda juu, na valvu ya begani haina tena hewa ya kutoa. Kwenye ukuta usio na sakafu hilo si jambo la kujifunzia. Watu wanasomea suti kavu kwenye bwawa na ufukwe wa kina kifupi kwanza. Vile vipande vya madini ya risasi tunavyofunga kiunoni ili tuzame navyo ni vingi zaidi kuliko vya Mombasa, maana suti inaelea sana.

Mikono ndiyo hupata shida kwanza. Vidole vikifa ganzi huwezi kufungua ndoano wala kubonyeza kitufe. Sheria yangu na mwenzangu wa kuzamia ni moja: mmoja akionyesha ishara kwamba mikono imekataa, wote tunapanda.

Fundi Hesabu

Mkuu, mtungi mmoja unakaa muda gani huko chini? Mimi huwa naona kwenye video wanakaa kama wako nyumbani.

Mpwani Kaskazini

Fundi, tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar moja ni takriban shinikizo la anga moja) una hewa lita 2,400. Mtu mtulivu anapumua tuseme lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza shinikizo la anga moja, kwa hiyo mita 30 ni shinikizo mara nne, na kila pumzi inabeba hewa mara nne. Unatumia lita 80 kwa dakika. Toa bar 50 za akiba ambazo haziguswi, zinabaki lita 1,800. Gawanya: dakika 22 na kidogo, na humo humo kuna muda wa kupanda. Baridi na wasiwasi vinaongeza pumzi, basi hesabu halisi ni ndogo zaidi.

Ndiyo maana ukuta unauanzia chini. Unashuka hadi kina mlichokubaliana mkiwa juu ya boti, halafu unapanda kidogo kidogo ukitazama mwamba, na dakika za mwisho unazimalizia kwenye mita 5 kwenye kelpu.

Kosa la ukuta linajulikana. Maji ni ya kijani, ukuta unafanana juu na chini, unamfuata samaki mmoja, ukitazama kipimo umeshapitiliza mita 10 bila kuhisi. Kipimo kitazamwe mara kwa mara, bila kusubiri mwili ukuambie.

Nesi wa Temeke

Naomba niongezee upande wa afya, kwa sababu nimesomea kidogo mambo haya.

Kuanzia kama mita 30 naitrojeni ya kwenye hewa huanza kumlevya mtu. Anaweza kujisikia hodari wakati akili imepungua, na dawa yake ni kupanda mita chache tu, hali inaondoka. Naitrojeni hiyo hiyo inayeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili kadiri unavyokaa chini. Ukipanda haraka inageuka mapovu: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Ndiyo maana wazamiaji wanapanda taratibu, mita 9 kwa dakika au pungufu, na wanasimama dakika 3 kwenye mita 5.

Baridi inaingia hapa. Mtu akiwa na joto wakati wa kushuka, damu inasambaa vizuri na gesi inaingia mwilini. Akipata baridi wakati wa kupanda, mishipa ya mikono na miguu inabana, gesi inachelewa kutoka. Mchanganyiko huo ndio mbaya kuliko yote. Mpwani Kaskazini, huko mtu akiumwa mnampeleka wapi?

Mpwani Kaskazini

Nesi, ahsante sana, hilo la baridi wakati wa kupanda ni kweli tupu, ndiyo sababu tunakatisha mapema.

Chemba ya shinikizo, yaani chumba cha kumtibu mwenye mapovu hayo, iko hospitali kuu ya Vancouver, na Port Hardy ni mbali. Kwa hiyo boti hubeba oksijeni ya kutosha, na hatuzamii hadi ukingoni mwa majedwali ya kina na muda wa kukaa chini. Umbali wa hospitali ni sehemu ya hesabu ya kina.

Kijana wa Feri

Mimi swali langu ni moja: pweza wapo? Na wanaliwa?

Mpwani Kaskazini

Wapo, na si wa saizi unayoijua pale soko la samaki la Feri. Pweza mkubwa wa Pasifiki ndiye mkubwa kuliko pweza wote duniani. Akitanua mikono anafika mita 4 na zaidi, na uzito wa kilo 40 si ajabu. Huku wanaliwa, lakini wazamiaji wengi wa kaskazini tunamtafuta kumtazama tu.

Kumpata, tafuta jaa lake. Mbele ya pango anatupa maganda ya kaa na kombe aliokula. Ukiona lundo la maganda masafi chini ya mwanya, inamisha tochi pembeni, usimmulike machoni. Utaona kwanza vikombe vya mnyonyo vimepangwa mstari mweupe ukingoni mwa jiwe, halafu jicho. Ukitulia, mara nyingine anatoa mkono mmoja kuupima mpira wa glavu yako.

Jike akishataga anatundika mayai kwa maelfu mengi kwenye paa la pango, halafu anayalinda na kuyapulizia maji kwa miezi sita au saba hali chakula. Mayai yakianguliwa anakufa. Ukikuta pango la hivyo, unapita. Mwanga na mikono yako vinamchosha mnyama ambaye hana tena akiba.

Jirani yake ukutani ni samaki wanaoitwa rokifishi. Umbo linakumbusha chewa, lakini si jamii moja. Kuna aina yenye macho ya njano inayoishi miaka zaidi ya 100. Fikiria samaki aliyekuwa hai kabla ya vita kuu ya pili, bado yuko kwenye mwanya ule ule. Kwa sababu wanachelewa kuzaa na hawahami, nyavu na ndoana ziliwamaliza haraka. Kufikia 2007 Kanada ilikuwa imetenga maeneo 164 kwenye jimbo la British Columbia ya kuwalinda. Mtu wa kisiwa cha Mafia au Ghuba ya Menai ataelewa bila maelezo kwa nini eneo la kufungwa linahitaji miaka mingi kabla halijatoa matunda.

Bin Misali

Hapo kwa kufungwa umenena. Sisi Misali tunapambana na hilo hilo. Viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, vipo huko? Kuna mgeni aliniambia bahari yenu imekumbwa na ugonjwa.

Mpwani Kaskazini

Alikuambia kweli, na hili linaniuma.

Kulikuwa na kiti cha pweza anayeitwa wa alizeti: mikono hadi 24, upana hadi mita moja, mbio kuliko jamaa zake wote. Yeye ndiye aliyewala wale viumbe wa mviringo wenye miiba, ambao watu wa pwani tunaogopa kuwakanyaga. Mwaka 2013 ugonjwa wa kunyauka ulianza. Mnyama anapata vidonda, mikono inajikunja, inakatika na kutembea yenyewe, halafu mwili unayeyuka kuwa ute juu ya mwamba ndani ya siku chache. Zaidi ya asilimia 90 ya viti vya alizeti vilikufa, kuanzia Alaska hadi Meksiko, na mwaka 2020 vikaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Vyenye miiba vikabaki bila adui, vikaongezeka, vikaanza kula kelpu. Sehemu nyingi za pwani hii zimebaki mwamba mtupu.

Chanzo kilitafutwa miaka mingi. Agosti 2025 watafiti wa Taasisi ya Hakai na Chuo Kikuu cha British Columbia, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba ni bakteria anayeitwa Vibrio pectenicida, jamii moja na wa kipindupindu. Bakteria wa jamii hii hustawi maji yakipata joto. Viti vya alizeti vilivyosalia kwa wingi viko kwenye ghuba nyembamba za katikati ya pwani ya British Columbia, ambako maji yamebaki baridi.

Kwa hiyo anayesema baridi haina kitu, ajue kwamba hivi sasa baridi ndiyo iliyowahifadhi hao waliobaki.

Dada Mkunde

Nimesoma yote. Nina binamu amehamia Vancouver, amesomea uzamiaji Diani. Aanzie wapi? Asiende huko kwa mkondo moja kwa moja, sivyo?

Mpwani Kaskazini

Asiende kwanza, dada. Aanze na kozi ya suti kavu mjini kwake. Halafu kuna Whytecliff Park, West Vancouver, unaingia ukitokea ufukweni, eneo limehifadhiwa tangu 1993 na hairuhusiwi kuchukua chochote. Kuna ukuta mzuri pale na mkondo ni mpole. Azoee kijani, azoee kuona mita 5 tu mbele yake siku za kiangazi. Majira ya baridi planktoni hupungua na maji yanakuwa maangavu zaidi, wazamiaji wengi wa huku wanaipenda Januari kuliko Julai.

Akizoea, aende Saanich Inlet karibu na Victoria aone sifongo za kioo. Miili yao imejengwa kwa silika. Wanasayansi walidhani miamba iliyojengwa na sifongo hizo ilitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi 1987 ilipokutwa hai kwenye mlango wa Hecate, kaskazini ya jimbo hili, ikiwa na umri wa miaka 9,000 hivi. Ukutani Saanich zinaota moja moja, na zinavunjika kwa kuguswa na pezi tu, kwa hiyo kabla ya kuzikaribia awe tayari anaweza kusimama majini bila kupiga miguu.

Port Hardy aende na boti ya watu wanaoujua mkondo wa pale, na aulize mapema wanazamia saa ngapi na kwa nini saa hiyo. Wakishindwa kumjibu hilo la pili, atafute boti nyingine. Na tiketi ya ndege ya kurudi asiikate kwa siku ile ile: akizamia mara kadhaa, asubiri saa 18 kabla ya kuruka.